Darubini Huchaguliwa Jioni

Siku ile baba yangu alipovua viatu katika duka la watu kule Kisenyi, mjini Kampala, na kuviweka juu ya meza ya vioo, mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Viatu vyenyewe vilikuwa vya polisi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa kuliko bidhaa za dukani. "Hii iko rehani," akamwambia mwenye duka. "Mimi nakwenda juu na darubini yako. Nikipotea, chukua viatu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kimbia."

Nimekuwa nikiikumbuka siku hiyo tangu Jumapili, ulipokuja hapa kwangu Bukoto na habari zako njema kwamba umepata kazi ya kuongoza wawindaji wa leseni. Ukatoa simu, ukanionyesha picha ya darubini unayotaka kununua, kubwa kama birika mbili zilizofungwa pamoja. Nikanyamaza, nawe ukadhani nimependezwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na chai mdomoni. Leo sina chai mdomoni, basi kaa hapo, shangazi yako aseme.

Kazi hiyo niliifanya wakati magoti yangu yalikuwa bado yananisikiliza. Mimi nilikuwa mtazamaji. Natangulia na darubini, namtafuta mnyama, nikimwona nahakikisha ndiye, halafu namwambia mteja. Mteja hapigi mpaka mimi niseme "ndiye". Umenisikia vizuri? Kati ya bunduki na kile kilicho mbele yake, kilichobaki ni neno langu tu.

Mwaka ule mteja wangu alikuwa Bwana Kambale, mfanyabiashara wa mbao kutoka Kongo, mtu mnene mwenye kicheko kinachojaza nyumba. Alikuwa na leseni ya nyati mmoja, dume mzee. Akasema darubini nitaishika mimi, kwa hiyo nichague mimi, yeye atalipa, na hataki kitu cha ovyo. Baba yangu aliposikia hivyo akajialika mwenyewe. Babu yako alikuwa sajenti mstaafu, na sisi watoto wa kambini tulimwita Afande hata mezani. Ukimwambia Afande abaki nyumbani, anakuuliza amri hiyo imetoka kwa nani.

Duka lilikuwa la Mzee Sharifu, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata unaona haya kufungua mdomo mbele yake. Afande hakuona haya yoyote. Alitumia kile kile cha kambini, na mzee wa watu akamvumilia.

"Darubini ina namba mbili, binti yangu," Mzee Sharifu akanieleza, huku akizipanga juu ya kitambaa. "Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, mlango wa kuingizia mwanga."

Basi, mimi nikachukua yenye namba kubwa kuliko zote, kumi na tano kwa hamsini na sita. Nikaenda nayo mlangoni. Ilikuwa mchana wa jua kali. Nikaiegemeza kwenye mwimo, nikamwona kijana wa boda kule ng'ambo, nikaona na cheni iliyokuwa shingoni mwake. Nikampa Bwana Kambale, naye akapiga kelele kwa Kiswahili cha kwao, "Eeeh! Hii njo ile!", yaani ndiyo yenyewe. Tukaanza kucheka wote wawili kama watu waliokwisha kuua nyati.

Afande hakucheka. Alikuja, akaiondoa mikononi mwa Bwana Kambale, akanivika mimi shingoni. "Wewe iko nachagua kitu ya kutisha jirani," akaniambia. "Nyati iko natoka saa sita? Nyati itakungoja uegemee mlango? Wewe utakuwa umepanda kilima, moyo nagonga, jua nakwenda. Hapo ndiyo unachagua." Ndipo akavua viatu.

Tulipanda ngazi za jengo la jirani mpaka juu ya paa, mimi mbele, Afande peku nyuma yangu, Bwana Kambale akihema, na Mzee Sharifu akitufuata na darubini nyingine tatu, masikini, kanzu ameishika kwa meno. Watu wa jengo lile walitoka milangoni kuuliza nani ameiba nini. Juu kabisa, kabla sijapumua, Afande akanionyesha bango upande wa pili wa stendi ya teksi. "Soma."

Sikuweza. Herufi zilikuwa zikiruka. Kile kitu kilikuza bango, sawa, lakini kilikuza na kutetemeka kwa mikono yangu, na shingo ilikuwa imeanza kuuma. Mzee Sharifu akanipa nyingine ndogo, kumi kwa arobaini na mbili, kioo cha Ulaya. Nikasoma bango lote mpaka maandishi madogo ya chini. Bwana Kambale akaisoma bei iliyobandikwa kwenye kamba yake, akakohoa. Sikutajii, usije ukakosa usingizi.

Nikadhani tumemaliza. Wapi! Afande akakaa juu ya tangi la maji akasema tunangoja jua lizame. Mzee Sharifu akashuka kuswali magharibi, akarudi, kwa sababu na yeye sasa alitaka kuona mwisho wake. Giza lilipoanza kuingia Afande akanielekeza kwenye gereji moja chini, yenye kibaraza cheusi. Fundi alikuwa amelala chini ya gari. "Mkononi iko na nini?" Nikaangalia kwa darubini ya bei nafuu yenye namba zile zile, kumi kwa arobaini na mbili. Nikaona weusi tu. Nikaangalia kwa ile ya Ulaya, na pale pale nikaona spana, na kidole chenye bandeji. Namba zile zile, kioo tofauti. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu namba ya darubini kabla ya kuiangalia gizani.

Bwana Kambale alilipa, lakini alilipa huku ananung'unika. "Bunduki yangu iko na darubini yake pale juu," akasema. "Tunasumbukia nini? Nitamuangalia na ile."

Mwanangu, sijawahi kumwona Afande akibadilika sura namna ile. Alimshika bega yule mtu mzima, kwa heshima lakini kwa nguvu. "Hapana, ndugu yangu. Ukiangalia mtu na ile, umeshamwelekezea bunduki. Kuuliza unauliza na hii." Akagusa darubini shingoni mwangu. "Ile ya bunduki ni ya kujibu tu." Bwana Kambale akasema sawa, sawa, lakini alisema kama mtu anayetaka kwenda kula.

Tukaenda, upande wa Mbarara, kwenye mashamba ya ng'ombe yanayopakana na hifadhi. Tulikuwa na Mugisha, mfuata nyayo mzaliwa wa huko huko. Yule nyati mzee alituzungusha, wee, alituzungusha! Ikafika jioni ya mwisho ya leseni. Tulipanda mwinuko mmoja mbio mbio, kwa kuwa Mugisha alikuwa ameona nyayo mpya, na tulipofika juu, jua likiwa limekwisha kuzama, akasimama ghafla akanyoosha kidole.

Chini yetu kulikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka kitu cheusi, kipana. Kilisogea. Bwana Kambale akaninong'oneza sikioni, "Niko naona mgongo. Niko naona pembe. Njo yeye." Mugisha naye akaitikia kwa kichwa, ndiye. Mimi, mwanangu, nilitamani awe ndiye. Nilikuwa nimechoka, nataka kurudi nyumbani, nataka mteja wangu afurahi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikainua darubini. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini picha ilitulia. Nikaona pembe. Zilikuwa nyeupe na zilipanda, zikapanda zaidi, zikapotea kwenye matawi. Nyati pembe zake zinaziba paji la uso kama kofia ya chuma. Huyu ni ng'ombe, nikajisemea. Kisha pembeni ya yule ng'ombe kitu kikameta kidogo sana. Nikakikazia macho. Ilikuwa bangili, na bangili ilikuwa kwenye mkono.

Wakati huo huo nikamsikia Bwana Kambale, "Ngoja nimuangalie na hii." Nikageuza jicho, bunduki ilikuwa tayari begani mwake. Sikupiga kelele, niliogopa kidole chake kisishtuke. Nilitia kiganja chini ya mtutu nikausukuma juu, polepole, mpaka ukatazama mbingu. "Mtu," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto mdogo. "Bwana Kambale, pale kuna mtu."

Alikaa chini pale pale kwenye majani. Akatoa risasi kwenye bunduki, moja, nyingine, zikamponyoka. Halafu kutoka kichakani ikaja sauti ya bibi mzee, kali kama nini, ikifoka kwa Kinyankole. Mugisha akatutafsiria: "Anasema amewaona nyie watu mmesimama huko kama miti. Ng'ombe wake anazaa na ndama amekwama. Mtakuja kusaidia au mmekuja kutazama?"

Tuliteremka mbio. Bwana Kambale alitupa koti lake la bei, akashika miguu ya ndama, akavuta kama anavuta gogo kwenye matope ya kwao. Ndama akatoka, mweusi, amelowa, akapiga chafya. Hapo ndipo Bwana Kambale alipoanza kulia, na kucheka, na kulia tena. Nami nilicheka na kulia. Moyo ulikuwa mwepesi hata nikahisi naweza kuruka mpaka Kampala. Bibi akauliza huyu mnene analilia nini. Mugisha akamjibu, "Hajawahi kuona ndama akizaliwa." Bibi akasema bambi, masikini, huko kwao labda hawana ng'ombe.

Alitukaribisha kwake tulale, akatupa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Bwana Kambale alikunywa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, na kila mara aliuangalia ule mkono wenye bangili ukienda na kurudi, ukichochea moto, ukifukuza mbwa. Hakumpata nyati wake. Kesho yake njiani aliniambia hajawahi kurudi safarini na furaha kama ile, nami nilimwamini, kwa sababu aliimba mpaka tunaingia mjini.

Nilimsimulia Afande siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Bibi alijua?" Nikasema hakujua kitu. Akasema, "Mzuri. Acha alale." Kisha akaingia ndani, na nikamsikia akimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, kwa muda mrefu.

Sasa wewe. Ile picha kwenye simu ifute. Usinunue ukubwa. Mtu anayetembea kwa miguu, kukuza mara nane kunamtosha, mara kumi kunamtosha, zaidi ya hapo anabeba mzigo na kutetemeka kwake. Pesa yako iweke kwenye kioo, hata kama utakula muhogo mwezi mzima. Usichague mchana, maana mchana darubini zote ni nzuri. Chagua jioni, ukiwa umechoka, tena utafute kitu kilicho kivulini. Ukishainunua, kile kigurudumu cha jicho la kulia kipange kwa macho yako mwenyewe, asikiguse mtu. Na mteja akikuambia atamtazama mnyama kwa darubini ya bunduki, awe tajiri, awe mkubwa wa nani sijui, mkatalie. Akikasirika, akasirike. Kazi nyingine utapata, lakini neno "ndiye" likishatoka kwa makosa hakuna wa kulirudisha, na utaishi nalo mpaka uzee.

Duka lile bado lipo, siku hizi anauza mjukuu wa Mzee Sharifu. Kesho alasiri tukutane pale, na usije umepumzika. Mimi nitavaa viatu vizuri, kwa kuwa ndivyo vitakavyobaki mezani.

Tulipokuwa tunaondoka asubuhi ile, yule bibi aliweka mkono wake kichwani mwangu, bangili ikanigusa paji la uso, baridi. Alinibariki, Mugisha akatafsiri, nami nimeitunza baraka yake miaka yote hii bila kumpa mtu. Nakupa wewe. Mungu akufikishe nyumbani kwako, mwanangu, na kila unayekutana naye njiani, naye afike kwake.