Usukani Upande wa Utingo

Mpaka leo nikisikia tairi zikilia kwenye kona, hata iwe ni televisheni ya jirani, nainua mguu kwenye pedeli ya cherehani na kusubiri kishindo. Watu wananicheka, eti fundi unaota mchana kweupe. Waache wacheke. Hawakukaa mahali nilipokaa mimi.

Nilikuwa nashona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Kahama, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati kila mwenye miguu alikuwa anapita kwenda machimboni na kila mwenye lori anatafuta mzigo bandari kavu ya Isaka. Tajiri yule alikuwa na lori lake, na dereva wa lori hilo alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Utingo wake alikuwa mume wangu. Nilizoea kujisifu kwa wateja kwamba wanaume wangu wawili wanakula sahani moja.

Anayezijua barabara za kwetu anaijua habari ya majani. Gari likiharibika, utingo anaruka chini na panga, anakata matawi na kuyapanga barabarani mbele na nyuma, mbali kidogo, ili anayekuja ajue kuna gari limelala. Ubaya wetu ni mmoja: gari likishapona, hakuna anayekumbuka kuyaondoa. Njia nzima ya Runzewe ilikuwa imejaa majani ya magari yaliyokwisha kwenda zao. Basi madereva wakajitungia sheria. Majani mabichi, punguza mwendo. Majani makavu, pita, mwenyewe kaondoka zamani. Na kazi ya kuyatazama ni ya utingo, maana ndiye anayekaa kushoto, karibu na ukingo.

Siku ile kulikuwa na tela limekwama kwenye kona, linasubiri spea kutoka mbali. Lilikaa pale mpaka majani yake yakanyauka. Lori la kaka likalivaa kwa ubavu wa kushoto. Kaka alitoka na mkono uliovunjika. Mume wangu tulimzika kwao kijijini, na hawakuniruhusu kumwona uso.

Msibani kaka alisema maneno mawili tu: "Alisinzia. Hakuniambia."

Hayo ndiyo yakawa jina la marehemu. Mume wangu akawa yule utingo aliyelala kazini. Nikipita mtaa wa Nyahanga nawasikia wanaume wakitaniana juu ya magunia, "We, usije ukanisinzia kama yule!" Natamani kuwachoma mkasi. Mwanaume yule, jamani, hakuwa analala hata akipanda basi kama abiria! Alikuwa anashika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kuitazama njia kama anaendesha yeye. Niliishi naye, usingizi wake naujua. Lakini shahidi alikuwa mmoja, na shahidi mwenyewe ni damu yangu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Ningemwambia nani kwamba nguo inaniuma?

Mkono ulipopona, kaka hakugusa tena lori. Akishika mlango tu, jasho linamtoka, anarudi nyuma. Tajiri hakumfukuza, alimpa kazi ya kupanga mizigo stoo akasubiri. Ndipo kijana wake mkubwa akarudi kutoka masomoni ng'ambo na kompyuta, pamoja na kitu nilichodhani ni cha kuchezea watoto: usukani wa plastiki wa kufunga mezani, na pedeli zake za kuweka chini, vya kuchezea mashindano ya magari kwenye kioo.

"Dereva, njoo ujizoeze hapa," alimwambia kaka. "Hapa hata ukigonga hufi."

Walikuwa wanacheza mchana, saa ya chakula, duka likiwa limefungwa nusu. Na mimi nilikuwa naacha cherehani naingia kukaa juu ya gunia la sukari, kandokando ya kaka, kwa sababu ndani kulikuwa na feni. Nisiseme uongo, mwanzoni nilifuata feni.

Kijana alikuwa anausifia mchezo wake kama anauuza. Si wa kitoto huu, anasema, wa kugonga ukuta na kuendelea. Huu ukikanyaga breki kwa pupa, tairi zinagoma na gari linateleza. Ukijaza mafuta linakuwa zito, linakataa kona. Tairi zenyewe zinachoka kadiri unavyokwenda. Kaka alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu msibani, akakaa. Kona ya kwanza tu akatoka nje ya barabara, akazunguka kama kuku aliyechinjwa.

"Kitu chako hiki kinadanganya," alisema. "Dereva anaendesha kwa makalio. Lori likitaka kuondoka linakwambia kwenye kiti. Hiki kiti hakisemi kitu. Halafu mmeniweka upande wa utingo!"

Maana usukani wa gari lile la kwenye kioo ulikuwa kushoto, kama wanavyokaa huko ng'ambo.

"Utazoea," kijana alimwambia. "Na kiti kikinyamaza, sikiliza tairi. Hapa kila kitu kinasemwa na tairi."

Loo, alisikiliza. Alisikiliza mpaka akasahau kula. Akaacha kabisa kushindana na wenzake. Anashusha gia mapema, anaingia kona taratibu, kama amebeba saruji ya watu, na magari mengine yanampita kulia na kushoto. "Dereva, haya ni mashindano!" kijana anapiga kelele. Kaka hamsikii. Anamwomba amwongezee mzigo wa mafuta, amwekee mvua, amwekee tairi zilizokwisha. Na alipogonga, kulikuwa na kitufe. Unakibonyeza, gari linarudi zima, vioo vizima, barabara safi kama hakuna kilichotokea. Nilikichukia kitufe kile jamani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kuomba kitu kama hicho, sikupewa, halafu wamekipata watu wa kucheza.

Kulikuwa na kona moja yenye miti, usiyoona mbele yake mpaka umeshaingia. Kabla ya kona hiyo barabara ilikuwa tupu kabisa. Lakini kila akifika pale, macho ya kaka yanaruka kushoto, chini, kwenye ukingo, kama kuna kitu kimelala. Kisha anakanyaga mafuta. Tairi zinalia, kishindo. Anabonyeza kitufe, anarudi. Macho kushoto, mafuta, kilio, kishindo. Kijana alidhani dereva ameshindwa kona. Mimi nilijua kwamba ninachokitazama si mchezo, ila nilikuwa bado sijajua ni nini.

Mchana mmoja kijana alikwenda kula, tukabaki wawili. Kaka akaikaribia ile kona, macho yakaruka kushoto, midomo ikafunguka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemjibu aliyekaa naye:

"Makavu hayo, shemeji."

Akagonga.

Niliinuka kwenye gunia. Mtu hajibu kama hajaambiwa! Na shemeji yake ninamjua mmoja tu, ndiye niliyemzika.

"Kaka, alikwambia nini?"

Alinitazama kama nimechomoza ukutani. "Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kabla hujamjibu kwamba ni makavu, mume wangu alikwambia nini?"

Alibonyeza kitufe, akaendesha tena. Pale kwenye barabara tupu akainua mguu kwenye mafuta, akashika breki kidogo kidogo, akashusha gia. Tairi hazikulia. Gari lilisimama katikati ya kona, mbele yake barabara imebaki nyingi, hata tela lingekuwepo lisingeguswa. Injini ikawa inanguruma kwenye spika, na feni juu yetu.

"Aliniambia, 'Majani, punguza,'" kaka alisema. "Akarudia. Nikamwambia makavu. Dada, linasimama. Nimelijaribu na mzigo, nimelijaribu na mvua, na tairi mbovu. Nikimsikiliza, kila mara linasimama."

Nilimpiga kofi ambalo nadhani lilisikika mpaka stoo. Sijutii. Halafu nikamkamata kichwa nikalia naye, kwa sababu kaka ninaye huyo huyo mmoja, sina wa akiba.

"Kesho unakwenda kwa mama mkwe wangu," nilimwambia. "Unakwenda kuyasema hayo kwa mdomo wako, na mimi nitakuwepo. Mume wangu hatalala na jina hilo tena."

Kesho yake tulikwenda. Tulimkuta mama kwenye jabali nyuma ya nyumba, anaanika michembe, viazi vyake amevikata vyembamba kama alivyonifundisha mimi nilipoolewa. Nilipiga magoti nikamwamkia. Kaka naye akapiga magoti, jambo ambalo mwanaume kwetu halifanyi, na mama akajua kuna neno. Akayasema yote kwa Kisukuma, asiache hata moja: majani, onyo la kwanza, onyo la pili, jibu lake yeye, na uongo wa msibani. Nikiwa nyuma yake nilikuwa nahesabu moyoni majirani wa kuwaita waje wasikie. Nilikuwa nimekuja na ushindi wangu mkononi, nasubiri mama apige kigelegele.

Mama aliendelea kugeuza michembe. Aligeuza kipande kimoja kimoja.

"Kwa hiyo alikuwa macho," alisema.

"Alikuwa macho, mama!" nikadakia. "Hakusinzia hata kidogo. Aliona kila kitu!"

Mikono yake ikasimama.

"Watu walipokuwa wanamcheka mwanangu, mimi sikuwajibu," alisema. "Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba alikuwa amelala."

Alijifunika kanga usoni, na sisi wawili tukabaki tumepiga magoti pale pale.