Koki ya Ziwani na Sweta ya Abeid

Landrova ya serikali ilizama mchangani mara mbili, ikasukumwa mara mbili, ndipo mikorosho ikaachana, kijiji cha Ziwani kikaonekana. Nyumba mpya za kijiji zilikuwa zimejipanga safu, na mbele yake koki moja ya maji imezungukwa na ndoo nyingi kuliko watu. Kando ya koki alisimama mwanamume wa makamo, spana kiunoni, amevaa sweta nzito ya sufu. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kandambili.

Agnes, ofisa wa mafunzo kutoka Mtwara mjini, alishuka akamtazama.

"Ndugu Abeid, unaumwa?"

"Siumwi, dada. Nazoea baridi."

Huyo ndiye Abeid Chikumbo, mwangalizi wa maji wa kijiji, ambaye safari yake ndefu kupita zote ilikuwa kwenda Lindi kuzika. Sasa ilikuwa imetoka nafasi moja ya kwenda kusomea ufundi wa bomba kwa miezi minane, kaskazini kabisa ya Ulaya. Waliokuwa wakiitoa walitaka kwanza kuona kama anayekwenda anajua kuyaandaa mabomba ya nyumba kabla ya majira ya baridi. Walikuwa wametuma kijitabu. Abeid alikuwa amelala nacho wiki mbili, mkewe akawa analalia ukingo wa kitanda.

Jaribio lilifanyika nyumba ya mganga wa zahanati, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na bomba ndani. Kijiji kizima kikahamia dirishani.

Abeid aliipata valvu kuu bila kutafuta, akaifunga, akaifungua, akatangaza, "Hii lazima kila mwenye nyumba aijue." Bomba la nje alilifungia maji kwa ndani, akalimwaga lote mpaka likakohoa. Mabomba yaliyopita ukutani aliyavika sufi ya msufi, juu akazungusha magunia ya korosho, akafunga kwa kamba ya ukindu. Matundu ya upepo chini ya sinki akayaziba kwa matambara.

"Mabomba yamevaa vizuri kuliko mume wangu!" mmoja akapiga kelele dirishani.

Mwisho Abeid akaifuata koki ya jikoni. Akafungua kichwa cha koki, akatia washa mpya ya mpira aliyoikata kwenye kandambili kuukuu, akaikaza kwa nguvu zake zote. Hata unyevu haukutoka. Akarudi nyuma, akakunja mikono juu ya sweta.

Agnes alisubiri. "Kuna kimoja umeacha."

"Hakuna, dada."

"Ukurasa wa mwisho unasemaje?"

Abeid akatabasamu kama mtu aliyeombwa ataje jina la mama yake. "Unasema usiku wa baridi kali koki iachwe idondoke mpaka asubuhi. Ule mtego niliuona siku ya kwanza. Mmeuweka muwakamate wanaopoteza maji."

Dirishani kikatoka kicheko cha Rehema, mke wa kaka yake. Kicheko hicho kilikuwa na historia. Kwa uamuzi wa kijiji, aliyeacha koki ikidondoka alilima matuta mawili ya mihogo katika shamba la ujamaa. Abeid ndiye aliyekuwa mkamataji. Alimkamata mwenyekiti. Alimkamata mkewe mwenyewe. Alimkamata Rehema mara tatu, moja ikiwa siku ya Idi.

"Si mtego," alisema Agnes. "Ukiishia hapo siwezi kukupitisha."

Akaenda garini, akarudi na furushi la taulo lililojaa vumbi la mbao. Ndani kulikuwa na chupa ya soda. Alikuwa ameijaza maji, akaifunga, akailaza kwenye jokofu la nyumba ya wageni mjini. Sasa ilikuwa imepasuka toka shingoni hadi kitako, na barafu imetokeza kwenye ufa.

Abeid aliishika. Vidole vikamuuma, akaihamishia mkono wa pili, akaupitisha ukucha wake kwenye ule ufa.

"Maji ndiyo yamefanya hivi?"

"Yakiganda yanavimba. Yanayotembea hayagandi upesi, na koki ikiwa wazi kidogo yanapata pa kutokea."

Abeid aliirudisha chupa kwenye taulo. Huko Ulaya, basi, kuna watu waungwana wanaolala huku koki inadondoka, na hakuna anayewapeleka shambani. Alitazama dirishani, akaona nyuso zote alizowahi kuzilimisha.

"Shemeji," Rehema alimwita kwa upole wa kutisha, "fungua tu. Sisi hatuoni."

Abeid akashika koki, akafumba macho, akazungusha kidogo. Tone likaanguka kwenye sinki. Likafuata la pili. Kijiji kikapiga vigelegele kama bibi harusi ametoka.

"Umepita," alisema Agnes, akiandika. "Tuondoke leo hii, ndege ya Dar ni kesho asubuhi."

"Matuta mawili!" alisema Rehema.

"Shemeji, huu ulikuwa mtihani!"

"Na siku ya Idi nilikuwa napika. Uliniuliza?"

Abeid akavua sweta. Akaomba jembe. Landrova ikamsubiri chini ya mkorosho, dereva akalala, na Agnes akala mihogo ya kuchoma na mke wa Abeid, mpaka matuta mawili yakasimama, marefu na yaliyonyooka kuliko ya Rehema yote. Hilo Abeid alilitaja mara mbili.

Jua likielekea kushuka alipanda gari, mikono ina udongo, sweta begani. Akachomoa spana kiunoni, akampa Rehema kupitia dirishani.

"Usimwonee mtu haya," alimwambia. "Hata mimi nikirudi."

Gari likatokomea kwenye mchanga. Rehema alilitazama mpaka mlio ukaisha, kisha akaingia nyumba ya mganga, ambako maji bado yalikuwa yakidondoka, akaikaza koki.