Kamba ya Mujane

Juzi, kwenye kooperative yetu ya kahawa huku Musienene, mujane alifika na kiloba cha kahawa mugongoni, kamba ya kukibebea imemukaza kipaji cha uso. Shemeji yake alimufuata mikono mitupu.

«Ndugu yangu amekufa,» akamwambia mama prezidenti wa kooperative. «Donc nafasi yake ya uanachama ni yangu.»

Prezidenti akamutua mujane kiloba, akamunyooshea shemeji kamba. «Mwanachama ni mutu mwenye kuleta kahawa, papa. Beba basi mupaka kwa mizani.»

Kwetu mwanaume habebi kwa kamba ile. Akaitazama, akakohoa, akaenda zake. Mujane akaandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Mimi nilipofiwa na bwana, wakubwa wa kooperative walikuwa wanaume watupu, na shamba langu likaenda na shemeji yangu. Namushukuru Mungu kwa huyu mama. Angemuleta mapema, ningemushukuru zaidi.