Kiko cha Baba Mkwe

Mke wangu alirudi kutoka kwao Ikutha na habari ambayo hakuitoa mlangoni. Aliweka kikapu chini, akanywa maji, ndipo akaniambia kwamba baba yake ameungua kifuani. Kiko kilimdondoka mdomoni, moto ukaingia ndani ya shati.

"Tangu ule ugonjwa wa kupooza, mdomo wake hauna nguvu upande wa kushoto," alisema. "Tumemwambia aache tumbaku, hataki. Mama alikificha kiko, mzee akakaa siku mbili bila kula mpaka akarudishiwa. Wewe ni fundi. Mchongee kingine kisichoanguka."

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nachonga twiga na vijiko vya saladi pale Kasikeu. Twiga akiwa na shingo nene, hakuna anayeumia. Kiko sikuwahi kuchonga hata kimoja, ila sikuthubutu kumwambia mke wangu hivyo.

Nilichukua mpingo nikachonga kwa macho tu. Kichwa cha kiko nilikifanya kirefu na kipana, mrija nikaufanya mwembamba kwa sababu niliona unapendeza. Nilikipiga msasa mpaka kikang'aa. Majirani walikisifu, nami nikakipeleka Ikutha kwa furaha.

Mzee alikijaza mwenyewe kwa mkono wake mzima, akawasha. Alivuta mara mbili. Mara ya tatu kichwa kikalemea, mrija ukazunguka kati ya meno, na tumbaku inayowaka ikamwagika mapajani. Niliizima kwa viganja vyangu. Mama mkwe alileta maji, akayaweka karibu nami bila kuniangalia. Sisi Wakamba tuna neno *nthoni*, ile haya ya mtu mbele ya wakwe zake. Siku hiyo niliijua mpaka kwenye mifupa.

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Mthoni, mkwe wangu, hiki ni nyundo. Kirudishe ukakipunguze. Mimi nitaendelea na kile cha zamani."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima raha. Kila siku niliyochelewa, yeye alikuwa na moto mdomoni.

Nilipofika nyumbani nilikipasua kile kiko katikati kwa msumeno. Ndani nilikuta aibu yangu yote. Ukuta mmoja ulikuwa mnene kama kidole, wa pili kama ganda la yai, na tundu la mrija lilikuwa limetokea juu sana, mbali na sakafu ya kichwa. Nilikuwa nimechonga umbo la nje kwanza, kisha nikatafuta pa kuweka matundu.

Nikageuza kazi. Niliacha mpingo kwa uzito wake, nikatafuta mzeituni wa porini. Nilichora ubavu wa kiko kwa penseli juu ya mti, nikatoboa kichwa kwa keekee, halafu tundu la moshi kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto. Matundu yalipokutana chini kabisa ndipo nilipoanza kuondoa mti kuyazunguka. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili nilikipunguza kwa pupa mpaka tezo ikatokea ndani. Nilikitupa, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe, nikiwaza shati linaloungua.

Mke wangu alinifuata. "Umeshindwa?"

"Bado."

"Basi mbona umekaa?"

Cha tatu nilikipima kwa vidole badala ya macho. Nilifumba macho, nikapitisha kidole gumba ndani na cha shahada nje, nikisikiliza ukuta ni mnene wapi. Nilikigeuza juu chini, kwa maana kasoro isiyoonekana kikisimama huonekana kikipinduliwa. Kichwa kilipokuwa kifupi, mrija wa mti ulionekana kama mkia, nikaukata. Mahali pake nikaweka pembe ya ng'ombe, nikailainisha kwa maji ya moto na kuipinda, ili kichwa kining'inie chini ya kidevu. Mwisho wa pembe niliufanya bapa, wenye ukingo wa kushika nyuma ya meno.

Nilikijaza mchanga mbichi badala ya tumbaku, nikakiuma kwa upande wa kushoto, taya legelege, nikatembea uani. Mzee wa kanisa letu, kanisa lisilotaka hata kusikia tumbaku, akatokea kwenye ua akanikuta hivyo.

"Ndugu!" alisema.

Nilikitoa, nikammwagia mchanga kiganjani ili aone. Nilimweleza habari ya mkwe. Alikichukua, akakiweka mdomoni mwake, akatikisa kichwa mara mbili. "Kinashika," alisema, akaondoka haraka.

Nilipokipeleka Ikutha, sikuketi mzee alipowasha. Nilisimama mbele yake nikiwa na kikombe cha maji. Alivuta, akazungumza, akasinzia kidogo. Kiko kilibaki palepale. Mama mkwe alinichukua kikombe mkononi, akanipa kiti.

Hata hivyo sikupata amani. Kila siku ya soko niliwauliza wachuuzi wa mbuzi waliotoka huko kama mzee ni mzima, wakaanza kunicheka. Mwaka uliofuata mke wangu alirudi akasema babake ameacha tumbaku mwenyewe, kwa sababu ya kikohozi. Sasa anakiuma kiko kikiwa kitupu.

Nilishukuru Mungu. Pia, sitadanganya, niliumia kidogo kwamba kiko changu hakitawashwa tena. Usiku huo nililala kama mtoto.