Kwaresima ya Rediet

Siku zote hamsini na tano za Kwaresima ya Waorthodoksi wa Ethiopia, Rediet aliamka kabla ya kengele ya kanisa na kukaa kitandani, moyo ukimwenda mbio. Akirudi kutoka shuleni alilala na sare yake mwilini. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa sita. Sahani yake ya injera, mkate laini wa chachu, ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Mama yake mdogo, Zenebech, aliyemchukua baada ya Almaz, dada yake na mama wa Rediet, kufariki, alidhani binti anafunga, akamshukuru Mungu. Hata jirani, Wubit, alimwonea wivu.

“Wangu nikimwambia afunge, anaota kuku,” Wubit alisema wakinywa kahawa. “Wewe umepewa mtawa humu ndani.”

“Na ana miaka kumi na sita tu,” Zenebech akajibu, kichwa kikimvimba kidogo.

Binti alipolalamikia tumbo, alimpa maji ya baraka.

Ikafika Pasaka. Mchuzi wa kuku ukaiva, mayai ndani yake. Zenebech akakunja tonge, akamlisha kwa mkono wake kama ilivyo desturi. Rediet akatafuna, akatafuna, mwisho akalitemea kiganjani.

“Mfungo umekwisha, mwanangu.”

“Najua, mama mdogo. Sikuwa nafunga.”

Alisema kama mtu anayetaja saa. Akaeleza kuwa asubuhi anaogopa kila kitu: mtihani, mlango wa darasa, hata kuitwa jina. Jioni hofu ikichoka, habaki na kitu, hata hamu ya kuamka kesho.

Zenebech alitazama nguo zake nyeusi za kumwombolezea dada yake. Huzuni yake mwenyewe alikuwa ameiita sala, na ya mtoto akaiita vivyo hivyo.

Jumatatu wakaenda zahanati. Muuguzi alizungumza na Rediet peke yake kwa muda mrefu, kisha akamwita Zenebech.

“Ni hofu na sonona, dada. Mara nyingi kwa vijana huja pamoja, moja ikiificha nyingine. Zinatibika. Aje kila wiki. Na ale.”

Ulipoanza mfungo wa Mitume, wiki kadhaa baada ya Pasaka, Zenebech akamwendea Abba Melaku, kasisi anayewaungamisha, akauliza kwa aibu kama binti afunge.

“Huyu asifunge,” kasisi akasema. “Na wewe usimsifu tena akikataa chakula.”

Jumatano hiyo Zenebech alikaanga mayai mawili, yasiyoliwa wakati wa mfungo, dirisha amelifunga ili harufu isimfikie Wubit. Rediet akala moja.

“Mama mdogo, fungua dirisha,” alisema. “Moshi unaniumiza macho.”

Zenebech akalifungua lote.