Mlango Aliougeuza Thoan

"Mtu hageuzi mlango bure," alisema Bibi Lua, akimmiminia Nhai chai. "Kuna kitu anachokikwepa. Na kikishakosa pa kuingia kwake, kitakwenda wapi? Kwako, Mama Cun."

Bibi Lua aliuza chai pale uchochoro unapoanzia, na alilolisema asubuhi lilifika majikoni kabla wali haujaiva. Nhai alimhamishia mwanawe Cun kwenye bega la pili. Hakuyaamini sana maneno yale, ila aliyapenda.

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingi za Hanoi, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma kama mwanzi, wakaigawana familia kadhaa. Kumfikia Nhai ulipita kwenye ujia ambao watu wawili hawapishani mpaka mmoja ajibanze ukutani, ukakatisha jiko la wote, ndipo ukakuta vyumba viwili pacha vinatazamana: chake na cha Thoan, fundi cherehani. Mlango wa Nhai ulifungukia ndani ukagonga kitanda, kwa hiyo kila aliyeingia aliingia kiubavu, kama mwizi.

Thoan naye alikuwa na mlango kama huo. Akauziba. Akatoboa mwingine pembeni, karibu na tundu la paa linaloshusha mwanga. Kitanda akakipandisha darini, kila kidato cha ngazi akakifanya droo, meza akaitia bawaba ikawa inalala ukutani. Wateja wakiingia walisema, "Kumbe chumba hiki kikubwa hivi, na mwanga wote huu." Nhai aliyasikia yote. Na kila aliyesifu alikuwa ametoka kuliruka beseni lake la nepi.

"Mtazame Thoan," mumewe Quyen alimwambia. "Chumba ni kilekile."

"Thoan hana mtoto."

"Hana mtoto, lakini ana akili."

Kisha Quyen akasema la pili, kwa upole, nalo likauma zaidi: Tet, sikukuu ya mwaka mpya, ikipita na chumba kiko hivi, aende na Cun kijijini kwa mama mkwe, yeye atakuwa anawafuata Jumapili. Nhai aliwajua wake waliopelekwa hivyo. Jumapili zilianza kurukwa, mwisho zikasahauliwa.

Angeweza kuvuka ujia akasema, dada, nisaidie. Lakini kila alipowaza zile droo aligeukia nepi zake. Afadhali kijiji.

Ndiyo maana siku ile, chai ya Bibi Lua ikiwa bado tumboni, alinunua kioo cha pembe nane, akakitundika juu ya mlango wake, akakielekeza kwenye mlango mpya wa Thoan. Hakuna asiyejua maana yake: chukua mikosi yako urudi nayo. Jikoni watu waliacha kukoroga.

"Kesho Thoan ataweka kikubwa zaidi," mmoja alinong'ona. "Hapo ndipo tutakapoona sinema."

Nhai akangoja vita, karibu kwa hamu.

Thoan alikuja mchana, utepe wa kupimia shingoni. Akakitazama kioo kwa muda.

"Umekiweka juu mno," alisema. "Kishushe kidogo, wateja wangu wajitazame kola."

Nhai hakucheka. Thoan akaingia kiubavu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Macho yake yakaanza kutambaa kwenye kuta.

"Mlango huu ungefungukia nje..."

"Najua."

"Na kitanda kikipanda..."

"Dada Thoan, umekuja kupima?"

Cun alikuwa ameukamata utepe anauvuta; Thoan akamwachia.

"Wanasema nimegeuza mlango nikusukumie mikosi."

"Wanasema."

"Nimeugeuza kwa sababu yako, hilo kweli." Alikuwa anamtazama mtoto. "Ule wa zamani nikiufungua asubuhi, cha kwanza kuona ni kamba yako ya nguo. Visoksi. Vikofia. Mwaka wa ngapi huu mimi na mume wangu tunahangaika na waganga? Nikaona afadhali nibomoe ukuta. Watu wakaja wakasifu mwanga."

Muda wote ule Nhai alidhani wivu uko upande mmoja tu wa ujia. Wake haukuondoka, hata sasa alikuwa akiziwaza droo. Ila ulikuwa umepata mwenzake, na ndani yake kulikuwa na utamu mdogo uliomwaibisha: kumbe naye alikuwa na cha kuonewa wivu.

"Quyen anataka kutupeleka kijijini," alisema, bila kujua kwa nini anamwambia. "Baada ya Tet. Kwa sababu ya chumba."

Mkono wa Thoan ukasimama juu ya utepe.

"Chumba hiki kinatengenezeka. Msumeno ninao. Keshokutwa tu mlango unafungukia nje."

Akainuka, lakini hakutoka. Akashika kizingiti.

"Bado sijapata mtu wa kunikanyagia nyumba asubuhi ya Tet, wa kwanza kuingia, bahati yake itufuate mwaka mzima," alisema. "Mume wangu anamtaka tajiri wake wa kazini, eti ana mguu wa pesa. Mimi simtaki. Njoo wewe, Mama Cun, kabla hajaingia yeyote. Umbebe mtoto mpaka mlangoni, kisha umshike makwapa umshushe, nyayo zake ziguse sakafu yangu kwanza, kabla ya zako."