Chakula Kisichonuka

Mfagiaji wa ofisi za Busan, Korea, hula mchana katika kichumba cha ndoo chini ya ngazi. Huumega mkate mtamu kidogokidogo kwa vidole vilivyochunwa na sabuni, sikio likiwa mlangoni. Mkate haunuki. Mwenzake mmoja alifukuzwa kwa sababu kimchi yake, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ilinuka hadi kwenye lifti, na wakubwa, ambao vyoo vyao alivisugua yeye, wakaziba pua. Lakini sukari ya mfagiaji huyu imepanda. Daktari amemwambia aache mkate, ale mboga na soya, la sivyo mguu utakatwa. Vidole viwili vya mguu tayari havisikii maji ya moto.

Leo Okbun, mfagiaji mwenzake, alimletea mchuzi wa soya iliyochachushwa. “Kula, dada. Mkate utakumaliza.”

“Harufu hii itanimaliza kabla ya mkate.”

“Wazibe pua wao, wewe ufungue mdomo!”

Okbun alipoondoka, huku nyuma mwenzake aliziba upenyo wa mlango kwa tambara bichi, akanywa kijiko kimoja, macho kayafumba. Viatu vya ngozi vikasimama nje. Akaumimina mchuzi wote kwenye ndoo ya maji machafu. Viatu vilipokwenda zake, alijinusa mikono, akaisugua kwa dawa ya choo, kisha akauchukua mkate.